Mkufunzi wa Makarani wa Kura

Kwenye jiko la Mkufunzi, pale Mbeya, kulikuwa na sanduku la kura. Lilikuwa la plastiki angavu, lenye mfuniko wa bluu na tundu refu juu yake, na ndani aliweka vitunguu. Alipewa kama sampuli katika safari yake ya kwanza ya nje, na sisi tuliomfahamu tulidhani angelifungia kabatini, kama watu wanavyofungia vyombo vya wageni. Yeye akalitia vitunguu siku ileile aliyofika. Nilipomuuliza, alinijibu bila kuacha kupuliza mkaa: "Vinaonekana vyote, baba. Sina haja ya kuuliza vimebaki vingapi."

Mwaka mzima alikuwa mwalimu wa hisabati wa sekondari, lakini watu hawakumjua kwa hisabati. Ulipokaribia uchaguzi, uwe mkuu au mdogo, aliitwa kuwafundisha wasimamizi wa vituo na makarani, na alizunguka kwa kazi hiyo upande wa Mbeya na upande wa Iringa hadi jina la Mkufunzi likamganda. Hata watoto wa jirani walimwamkia hivyo: "Shikamoo Mkufunzi." Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilimkuta nikiwa karani wa kuwaelekeza wapiga kura, nikapanda hadi kuwa msimamizi wa kituo, na kwa miaka mingi nilikuwa mmoja wa watu watatu wanne aliowaita "watu wangu", waliombebea maboksi na kumpangia madawati. Ninayoyaandika hapa ni ya miaka hiyo. Yapo niliyoyaona, yapo aliyonisimulia, na lipo moja nililolifanya mwenyewe, ambalo ningependa kulipita, ila bila hilo habari zake hazisemeki.

Alifundishia maharage. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao, na yeye mbele yetu amevaa sweta la kijivu na kitenge alichofunga juu ya sketi kwa ajili ya baridi ya Juni. Maharage ya njano yalikuwa kura za mgombea mmoja, mekundu ya mwingine, na yaliyopasuka yalikuwa kura zilizoharibika. Kila kundi lilipewa bakuli na karatasi inayoonyesha idadi ya waliopiga kura. Tuhesabu, tujaze fomu, tusaini. Tusichokijua ni kwamba kabla ya kutugawia alikuwa amechomoa punje moja katika kila bakuli.

Siku yangu ya kwanza hesabu yetu ilipungua moja. Tukarudia, ikapungua tena. Wenzangu walikuwa wamechoka na chai ilikuwa imeshaletwa, nikaandika idadi inayolingana na karatasi. Mkufunzi alipita kati ya madawati, akaiona fomu yetu, akasimama.

"Nani ameandika hapa?"

"Mimi, Mwalimu."

"Hii moja umeitoa wapi?"

Kundi zima lilitazama chini. Kwa kawaida mtu aliyefanya vile alirudishwa nyumbani. Baadaye niliwaona wengi wakikunja madaftari yao na kutoka bila kuaga. Mimi aliniacha. Wakati wa chai aliniita pembeni akaniambia, "Uso wako umewaka kwa aibu. Wa wengine huwa hauwaki. Kaa." Nilirudi kwenye dawati langu nikiwa kama mtu aliyefaulu mtihani, na kuanzia siku hiyo nilimfuata kokote alikoitwa.

Swali lake la kila siku lilikuwa hili: "Umemwonyesha nani?" Ukisema umehesabu, umemwonyesha nani? Ukisema sanduku lilikuwa tupu asubuhi kabla ya kufungwa kwa lakiri, umemwonyesha nani? Alitufundisha kuinua kila karatasi ya kura hadi usawa wa macho ya mawakala wa vyama, kuigeuza taratibu, na kungoja. "Usiwaonyeshe kama unafukuza nzi," alisema. Swali hilo lilinifuata hadi kwangu. Mke wangu alilidaka, na kila nikisema nimefunga banda la kuku, ananiuliza kutoka chumbani, "Umemwonyesha nani?"

Wengine walimwona mkali. Alikuwa mkali. Nakumbuka afisa mmoja aliyekuja kufungua mafunzo yetu mjini Iringa, akahutubia kwa saa nzima juu ya amani na utulivu. Mkufunzi alimsikiliza hadi mwisho, akashukuru, kisha akamwomba aketi na kundi la tatu ahesabu maharage. Afisa akacheka. Mkufunzi hakucheka. Yule bwana akaketi, akahesabu, na hesabu yake ikalingana sawasawa na karatasi. Darasa zima tulijua maana yake. Mkufunzi akasema tu, "Ahsante, mheshimiwa," na kumfungulia mlango.

Lakini pia alikuwa mtu wa vichekesho visivyotarajiwa. Wanyakyusa aliwasalimia kwa Kihehe na Wahehe kwa Kinyakyusa, makusudi, aone nani ataitikia. Mtu aliyependa utaratibu kiasi kile hakuwa na utaratibu wowote nyumbani: miwani yake ilipatikana kwenye unga, funguo ndani ya kiatu. Na kanisani alichelewa kila Jumapili, akaingia wakati wa matangazo, akapita hadi mbele kabisa kana kwamba amewekewa kiti.

Kubwa kuliko yote ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa akipiga kura. Niligundua kwa bahati, siku moja tulipokuwa tukionyeshana kadi zetu za kupigia kura. Yake ilikuwa mpya, haijakunjwa hata kona.

"Mwalimu, hii hujawahi kuitumia?"

"Nitaitumia lini? Siku hiyo huwa niko kazini."

"Si unaweza kupiga palepale kituoni?"

Akaichukua kadi mkononi mwangu, akairudisha kwenye bahasha. "Nikishachagua upande, baba, nitahesabu kwa mkono huohuo? Sijiamini hivyo." Mtu aliyetufundisha mamia yetu namna ya kuilinda kura hakuwa na kura yake hata moja ndani ya masanduku yote yale.

Safari zake za nje zilikuwa tatu, zote chini ya mpango mmoja wa kubadilishana uzoefu, ambao shirika moja la ng'ambo liliuendesha kwa watu wa uchaguzi: wa kwao waje kwetu, wa kwetu waende kwao. Waliochaguliwa wengi walikuwa wakubwa wa ofisi. Yeye aliingia kwa sababu fomu ilimtaka mtu aliyewahi kukaa kituoni tangu kinafunguliwa hadi kinafungwa, na wakubwa hawakuwa na sifa hiyo.

Safari ya kwanza alipelekwa nchi moja ya baridi. Aliisimulia mara nyingi, na mara zote alianzia kwa mbwa. Kituo kilikuwa kwenye ukumbi wa michezo wa shule, na wapiga kura waliingia na mbwa wao, wakawafunga kwenye mguu wa meza. Msimamizi alikuwa mzee mwenye kofia ya sufu. Mkufunzi aliwatafuta mawakala kwa macho, hakuwaona.

"Nikamuuliza, mawakala wako wamechelewa? Akasema hawaji. Miaka mingi hawaji. Nikamuuliza, sasa hizo kura unamwonyesha nani? Akacheka, akadhani namtania. Akaniambia hakuna anayetaka kuonyeshwa. Nikaenda chooni nikalia."

"Kwa furaha?"

"Kwa wivu, baba."

Safari ya pili ilikuwa nchi ya Kiafrika, kusini mwa nchi yetu. Huko alimwona msimamizi wa kituo, mwanamke, aliyemaliza kuhesabu akatoka nje, akapanda juu ya kiti, akawasomea matokeo watu waliojaa uwanjani, kisha akaibandika fomu na watu wakaipiga picha kwa simu zao. Taratibu zetu zilitaka fomu ibandikwe. Mkufunzi akaongeza kusoma kwa sauti. Mafunzo yaliyofuata alitupeleka kwenye uwanja wa mpira wa shule, akatusimamisha mmoja mmoja juu ya kiti tusome matokeo ya maharage, na yeye akaenda kusimama kwenye goli la mbali, kiganja sikioni. "Za njano sijazisikia!" alipiga kelele. "Rudia!" Watoto wa shule walijaa madirishani wakitucheka walimu wazima tunaotangaza maharage.

Katika nchi ile ya baridi alipata rafiki, mama mrefu mwenye nywele nyeupe aliyefanya kazi kama yake. Mkufunzi alimwita Mama Theluji. Waliandikiana barua pepe kwa miaka, Kiingereza cha ubaoni kwa Kiingereza cha kujifunza, kila mmoja akimweleza mwenzake matatizo yake ya makarani. Zamu ya wageni kuja kwetu ilipofika, Mama Theluji alikuwamo. Tulimpeleka soko la Mwanjelwa kununua vitenge, akasimama katikati ya vibanda amejifunga kitenge juu ya suruali, wauza nguo wakimshangilia. Mkufunzi alimpikia ndizi mbalaga. Nilikuwapo mezani, nikiwatafsiria pale Kiingereza kilipokwama.

"Kwetu shida ni kwamba watu hawaji kupiga kura," alisema Mama Theluji. "Vijana hasa. Hawaoni faida."

"Kwetu wanakuja," alisema Mkufunzi. "Wanaamka alfajiri, wanatembea."

"Basi nyinyi mna bahati."

Mkufunzi alikoroga mchuzi wake kidogo. Kisha akaniambia kwa Kiswahili, "Mwambie ndiyo."

Wageni wale walikuwa wamekuja kutazama uchaguzi mdogo wa diwani, katika kata moja ya wakulima wa mpunga na wafugaji huko bondeni. Jina la kata nitaliacha. Diwani alikuwa amefariki, na waliogombea kwa nguvu walikuwa wawili: mama mmoja mkulima wa mpunga, na bwana mmoja ambaye kila mtu katika ofisi ya uchaguzi alishaanza kumwita mheshimiwa kabla ya siku yenyewe. Mkufunzi alipangiwa kuwa msimamizi msaidizi ngazi ya kata. Kituo kimoja, kwenye darasa la shule ya msingi, alinipa mimi.

Ilikuwa siku nzuri. Ninaisema hivyo kwa sababu ni kweli. Wageni walifika asubuhi, Mama Theluji akakaa kwenye kibenchi cha darasa la kwanza na kofia yake pana, akiandika kila alichokiona. Watu walikuja kwa baiskeli na kwa miguu, akina mama na watoto mgongoni, wafugaji na fimbo zao wakiziegemeza ukutani kabla ya kuingia. Kwenye saa sita ratiba ya wageni iliwataka warudi Mbeya. Mkufunzi alimshika Mama Theluji mkono mlangoni.

"Kaa mpaka tuhesabu. Hujaona kitu bado. Huku ni kuingia na kutoka tu."

Mama Theluji aliwatazama wenzake waliokuwa wameshapanda gari, akainua mabega, akamkumbatia, akaenda.

Tulifunga saa kumi. Kura zilikuwa za aina moja na kituo kilikuwa kidogo, kwa hiyo jua lilikuwa bado lipo tulipomaliza. Niliinua kila karatasi kama nilivyofundishwa, nikaigeuza, nikangoja. Wakala wa mama mkulima alikuwa mzee wa Kisukuma, mfugaji, aliyeinama mbele kila mara kama mtu anayesoma alama ya ng'ombe. Mama mkulima aliongoza kituoni kwangu, tena kwa mbali. Mawakala wakasaini, wakapewa nakala zao. Nikatoka nje, nikapanda juu ya kiti, nikasoma. Kisha nikaibandika fomu mlangoni, na Mkufunzi, aliyekuwa amefika kukusanya vifaa, akaipiga picha kwa simu yake, mimi nimesimama pembeni yake.

"Nimekusikia tangu kisimani," aliniambia. Sijawahi kusifiwa na mtu hivyo, kabla wala baada.

Asubuhi yake, sijanywa hata chai, bwana mmoja wa ofisini alinifuata gesti nilikolala. Alikuwa mpole. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu.

"Mwalimu, kuna fomu mbili za kituo chako. Moja ina makosa. Siyo ajabu, najua ulichoka."

"Mimi nilijaza moja, mzee."

"Mkeo amejifungua, si ndiyo? Hongera sana. Mtoto mchanga anahitaji baba karibu. Ukihamishwa sasa hivi, ukapelekwa kule mwisho wa mkoa, itakuwa taabu kwa mama." Akasimama, akanipiga piga begani. "Kunywa chai. Tutaonana pale kata."

Hakuniambia niseme nini. Hakuwa na haja.

Nilipopita shuleni, fomu haikuwapo mlangoni. Zilibaki pembe nne za gundi. Kwenye ofisi ya kata watu walikuwa wamejaa hadi barabarani, na matokeo yaliposomwa, ya kituo changu yalikuwa yamegeuzwa: za mama mkulima amepewa bwana mgombea, na za bwana mgombea amepewa mama. Kwa mgeuzo huo mmoja kata nzima ilibadilika. Watu waliguna, wengine wakaanza kupiga kelele. Yule mzee wa Kisukuma akapenya hadi mbele, akamkabidhi Mkufunzi nakala yake kwa mikono miwili.

"Mwalimu, wewe ndiye ulituambia siku ya semina tusiondoke bila nakala. Nimechukua. Hii hapa."

Bwana wa ofisini aliitazama bila kuigusa. "Hiyo ni ya kughushi. Tunayo fomu halisi, ina saini ya msimamizi wa kituo. Na yeye mwenyewe huyu hapa. Aseme."

Mkufunzi akanigeukia. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Naukumbuka uso wake, ulikuwa uso wa mwalimu anayemwinua mwanafunzi anayejua jibu.

"Baba, kituo chako walipata ngapi na ngapi?"

Nilizijua. Ninazijua hadi leo. Naweza kuzitaja nikiamshwa usingizini. Nilizisoma jana yake juu ya kiti, zikasikika hadi kisimani. Nilimtazama yule bwana wa ofisini, nikaangalia chini, nikaona viatu vyangu vina vumbi.

"Sikumbuki vizuri, Mwalimu," nikasema. "Nilikuwa nimechoka."

Nilimwona akiingiza mkono kwenye mkoba wake. Nilijua anachotafuta: simu ilikuwa humo, na picha ilikuwa ndani ya simu. Mkono ukakaa humo. Nadhani alihesabu, kama alivyohesabu kila kitu. Angeitoa ile picha, ningekuwa mimi mwenye fomu mbili na saini mbili, na saini ya pili wangenibebesha mimi. Bwana wa ofisini asingeguswa. Mkono ukatoka na kalamu. Akaivuta taarifa ya kata, ile inayothibitisha kwamba fomu zote zimehakikiwa, akaisaini mbele ya watu wote. Mzee wa Kisukuma akaikunja nakala yake mara mbili, mara nne, akaitia mfukoni mwa koti.

Tulirudi kwa gari moja. Tuliposimama Igawa alishuka, akaninunulia hindi la kuchemsha, akanipitishia dirishani.

"Kula. Una mtoto mdogo, usiingie nyumbani na njaa."

Nikalishika hindi, sikuweza kula. Tukaanza kuipanda milima. Kisha akasema, taratibu, bila hasira: "Nilikuangalia uso, baba. Haukuwaka."

Ingekuwa ni mimi ninayetunga, safari yake ya tatu ingefutwa. Haikufutwa. Miezi michache baadaye alialikwa kule kwenye baridi kueleza mafanikio ya mpango, yaani kituo chetu: kuwasomea watu matokeo, kubandika fomu, mambo yote aliyoyaokota kwa wenzetu akayaleta nyumbani. Alirudi, nikaenda kumsalimia. Nilikuwa bado ninakwenda kwake, na yeye bado alinipikia chai. Hilo ndilo lililonitesa. Alinisimulia akiwa amesimama, mgongo umeegemea ukuta.

"Niliwawekea ile picha yako ya mlangoni. Ukuta mzima, baba. Namba zinasomeka hadi nyuma ya ukumbi. Wakapiga makofi. Nikawaacha waitazame, sikubadilisha picha. Nilikuwa namngoja mmoja tu aniulize."

"Hawakuuliza?"

"Mama Theluji aliuliza. Baadaye, kwenye chai. Akaniambia, huyu mama aliyeongoza ndiye diwani wenu sasa?"

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia ndiyo." Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaivaa tena. "Kiingereza changu chote hicho, nikapata neno moja."

Baada ya hapo hakufundisha tena. Hakuna aliyemfukuza. Alipoitwa alisema anaumwa mgongo, na walipomwita mara ya pili akasema hivyohivyo. Barua pepe za Mama Theluji ziliendelea kuja. Alinionyesha moja, ilikuwa na picha ya bustani na maswali mengi, na juu yake ziliandamana nyingine ambazo hajazifungua. Mafunzo yaliyofuata yaliendeshwa na kijana mtaalamu mwenye kompyuta na picha za ukutani. Alikuwa anajua sheria zote kwa namba zake. Tulimaliza kabla ya chakula cha mchana, tukapewa vyeti. Hapakuwa na maharage, na kusema kweli wengi walifurahi.

Mimi sikuhamishwa. Nilipandishwa. Nilikuja kufanywa msaidizi wa huyo mtaalamu, na nikawa ninasimama mbele ya madarasa yaleyale, nikiwaeleza walimu vijana namna ya kujaza fomu. Kuna siku msichana mmoja wa Kibena, karani mpya, aliniuliza afanye nini kama matokeo aliyoyabandika ni tofauti na yatakayotangazwa. Nilimwambia swali lake ni zuri na kwamba tutalirudia mwishoni. Mwishoni hatukulirudia. Aliendelea kunitazama wakati wenzake wanatoka.

Mkufunzi alistaafu, akahama Mbeya, akaenda kuishi kwa mdogo wake karibu na Mgololo, katikati ya misonobari, mahali ambapo upepo ukigeuka unaleta harufu ya kiwanda cha karatasi. Sikumtembelea. Mwaka mmoja ukapita, na mwingine. Nilikuwa na sababu nyingi, na zote nilizitengeneza mwenyewe.

Halafu barua ya mpango wa kubadilishana uzoefu ikanifikia mimi. Nilichaguliwa kwenda. Nilikaa nayo mfukoni siku kadhaa, kisha nikapanda basi hadi Mafinga, na kutoka hapo nikapata lori la magogo lililonishusha karibu na kijiji chao. Nilimkuta shambani akichimba viazi. Alikuwa amepungua mwili na nywele zimekuwa nyeupe kote, lakini sauti ilikuwa ileile.

"Kamwene!" alinisalimu kwa Kihehe toka mbali, kabla sijamwamkia. "Huyo ni mtu wangu au macho yananidanganya?"

Tulikaa kwenye ukingo wa tuta. Nilimpa ile barua. Aliisoma hadi mwisho, akaikunja ilivyokuwa.

"Nenda," alisema. "Chukua koti zito. La kuazima halitoshi."

"Nikawaambie nini, Mwalimu?"

"Watakupa mada. Huwa wanatoa mada."

Nilikuwa nimekuja na maneno yangu, nimeyapanga njia nzima tangu Mbeya. Nikayatoa yote vibaya. Nikamwambia sikuwa nimechoka siku ile. Nikamwambia nilikumbuka, na kwamba nimekuja kumwomba anisamehe.

Alichukua kiazi, akakifuta udongo kwa kidole gumba, akakiweka kwenye ndoo. "Nikusamehe kitu gani? Wewe ulisema hukumbuki, basi. Aliyesaini ni mimi. Jina langu ndilo liko pale."

"Ulisaini kwa ajili yangu."

"Nilisaini, baba," alisema. "Huko kwingine usiniongezee."

Hakukuwa na njia ya kumfikia zaidi ya hapo. Nilimbebea ndoo hadi nyumbani.

Alasiri ile kijiji kilikuwa kinachagua mwenyekiti wa kamati ya maji, kwenye uwanja wa kanisa la Kilutheri, na mdogo wake alitaka tuende wote. Waliogombea walikuwa wawili: mwenye duka, na mama mmoja kijana aliyekuwa akifungua na kufunga bomba kila siku kwa miaka miwili bila kuombwa na mtu. Katibu, mwanamume mwenye daftari jipya, alimwona Mkufunzi akamsogelea.

"Mama, tumesikia kazi hizi ulizifanya hadi Ulaya. Tusimamie basi. Ukitaka karatasi tutachana daftari."

"Hapana, mwanangu," alisema Mkufunzi. "Inueni mikono tu. Mmalize mapema."

Wakainua. Za mwenye duka zilikuwa ishirini na moja. Zilipofika za mama wa bomba, katibu alihesabu waliosimama na waliokaa kwenye nyasi, na akaisahau benchi iliyokuwa nyuma yake, chini ya ukuta wa kanisa, ambako wazee wanne walikuwa wameinua mikono yao. Sidhani alikusudia. Hakugeuka tu. Akatangaza kumi na tisa.

Mimi nilihesabu ishirini na tatu. Nikamtazama Mkufunzi. Midomo yake ilikuwa ikihesabu, taratibu, ikafika mwisho, ikafumba. Alikuwa anaitazama ile benchi. Wazee wakashusha mikono yao, mmoja baada ya mwingine. Nilingoja aseme. Labda na yeye alikuwa ananingoja mimi. Katibu akaandika kwenye daftari, akapiga mstari chini yake.

Watu walipoanza kutawanyika, yule mama wa bomba alikuja kutusalimia, kwa kuwa mimi nilikuwa mgeni na Mkufunzi mtu mzima. Alimwamkia Mkufunzi kwa kupiga goti kidogo.

"Pole, mwanangu," Mkufunzi akamwambia.

"Siyo kitu, mama," alijibu, na alikuwa anatabasamu kweli. "Watu wameamua."

Mkufunzi akaitikia kwa kichwa. Na mimi nikaitikia.